Salamu Ndefu za Buha

Kwetu Buha, huku Kasulu na Kibondo, salamu haina haraka: makofi laini, kisha habari za nyumbani, shamba na ng'ombe. Kwa kijana mwenye usonji, huo ni mlima. Usonji mtu huzaliwa nao, ni namna ubongo wake ulivyokua. Hofu ya kukutana na watu mara nyingi huja baadaye, baada ya kukaripiwa na kuchekwa kwa miaka. Wengi wanabeba vyote viwili, nasi tunawaita wenye kiburi. Inaniuma sana. Leo sokoni ukimkuta kijana kama huyo, msalimie kwa upole, usimdai jibu wala kukutazama machoni. Hofu ikimfungia ndani, mzazi, mwone mhudumu wa afya: usonji utabaki, lakini hofu hutibika.