Nani Mwenye Hewa ya Mazinde?

Mazinde imekaa chini ya ukuta. Upande wa kaskazini mashariki Milima ya Usambara inapanda ghafla. Upande wa pili tambarare inafunguka kuelekea bonde la Mkomazi, penye mkonge, reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Moshi. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, na yakikutana na mlima, nyuma yake hubaki kivuli. Ndiyo maana watu wa Mazinde ya bondeni na wale wa Mazinde Juu, huko mlimani, wanaweza kushirikiana jina na ukoo lakini wasipate picha ileile sebuleni. Hewa inayowafunika haionekani na haina mipaka ya kupandwa miti, hata hivyo ina hati. Hati hiyo huitwa leseni, na kila leseni ina tarehe ya mwisho.

Tarehe hiyo ikikaribia, kituo huomba leseni ihuishwe. Kwa mhasibu wa kituo hilo ni suala la fomu na ada. Nchini Tanzania linasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na tangu 2010 linaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Leseni za maudhui zimepangwa kwa upana wa eneo: taifa, mkoa, wilaya, jamii. Mwenye kituo hamiliki masafa. Amepewa kwa muda. Basi anapoomba kuongezewa muda, anadai haki yake, au anaomba aendelee kushika mali ya mwingine? Na kama ni mali ya mwingine, huyo mwingine ni nani?

Watu wa Usambara hawahitaji kwenda mbali kutafuta lugha ya kulijibu swali hili. Uislamu ulipanda huku kwa njia ya misafara kutoka pwani. Walutheri wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na leo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake Lushoto. Dini zote mbili zimeifundisha milima hii neno amana. Kurani, katika sura ya Wanawake, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na katika aya hiyohiyo inaamuru wanaohukumu wahukumu kwa haki. Mwanachuoni Ibn Taymiyya aliijenga juu ya aya hiyo risala yake mashuhuri ya siasa na utawala, kwa maana aliona kila cheo ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu kwa niaba ya wengine. Injili ya Luka nayo ina habari ya msimamizi aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu ya mali aliyokabidhiwa. Katika mafundisho yote mawili, anayestahili kudai hesabu ni mwenye mali.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Mwenye mali ya hewa siyo serikali. Serikali nayo imekabidhiwa. Mwingereza John Locke aliandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba utawala wenyewe ni dhamana iliyotoka kwa watu, na mzee yeyote wa msikiti au wa kanisa katika mji jirani wa Mombo angemwelewa bila shida. Kwa hiyo siku leseni inapohuishwa kuna amana mbili mezani: ile ya kituo kwa watazamaji, na ile ya mamlaka kwa watazamaji haohao. Kosa kubwa la mifumo mingi ya leseni, Afrika Mashariki na kwingineko, ni kuendesha shughuli hiyo kama mazungumzo ya watu wawili, mpewa na mtoaji, huku mwenye mali akiwa nje ya mlango.

Historia ya Mazinde inalijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vya sheria. Katikati ya karne ya 19 ufalme wa Wakilindi, watawala wa Washambaa, ulikuwa na makao yake Vuga, juu mlimani, chini ya Kimweri ye Nyumbai. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda hadi Vuga kuomba ruhusa ya kuleta mafundisho yake nchini. Ilikuwa, kwa maana halisi, maombi ya leseni ya kusema mbele ya watu wa mwingine, na Kimweri alimpokea vyema. Lakini mfalme mwenyewe naye alikuwa chini ya sharti. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Kishambaa miaka ya 1960, ameeleza kwa kina jinsi walivyoifikiria mamlaka: mfalme aliyetulia kitini aliiponya nchi, na alama ya uponyaji huo ilikuwa mvua. Watu walimpelekea kodi, naye alipaswa kuleta mvua na shibe. Wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na njaa huingia. Washambaa hawakuwa na kura wala mahakama ya rufani. Walikuwa na mawingu, na waliyasoma kila mwaka.

Kimweri alipofariki, katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde. Kitu alichokifanya kinafaa kutazamwa kwa makini. Alimfukuza Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti cha Vuga, lakini yeye mwenyewe hakupanda kukikalia. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu juu, naye akabaki chini, kwenye njia ya misafara, penye bunduki, nguo, pembe za ndovu na watumwa. Alivaa mavazi ya pwani na kuzungukwa na watu wa pwani. Mmoja wao alikuwa Abdallah bin Hemedi, ambaye baadaye aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi; bila kitabu hicho sehemu kubwa ya mambo haya ingepotea. Semboja alikuwa ametambua kwamba sasa nguvu inapita barabarani. Hakuhitaji tena kuulizwa habari ya mvua.

Gharama ililipwa na watu wa kawaida: vita, kutekwa, kuuzwa. Huko Bonde, upande wa mashariki, wananchi waliwafukuza Wakilindi katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Hakuna mtu aliyewapa fomu ya maoni. Walikataa kuhuisha, basi.

Leo kituo cha televisheni nacho kinaweza kukaa Vuga au kukaa Mazinde ile ya Semboja. Cha kwanza kinajipima kwa hali ya watu kinaowatangazia: kama wakulima wa mboga wa Lushoto walipata habari ya bei kabla lori halijafika, kama maporomoko ya udongo ya masika yalitangazwa mapema, kama aliyedhulumiwa shamba alipata pa kusemea. Cha pili kinakaa njiani na kutoza kila kinachopita, tangazo la biashara, mchezo wa kuigiza kutoka nje, hotuba ya mkubwa. Vyote viwili vinaweza kuwa na karatasi safi, ada iliyolipwa na mitambo mizima. Ukaguzi wa karatasi hauwezi kuvitofautisha. Watazamaji wanaweza.

Kwamba watazamaji wanaweza, kuna ushahidi wa mahakama. Mjini Jackson, katika jimbo la Mississippi, Marekani, kituo cha WLBT kilitangaza miaka mingi katika eneo ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi, huku kikiwafuta katika picha na habari zake na kuutetea ubaguzi. Leseni yake ilipofika mwisho mwaka 1964, aliyesimama kupinga kuhuishwa kwake alikuwa mchungaji, Everett Parker. Aliongoza ofisi ya mawasiliano ya Kanisa la United Church of Christ. Alikusanya watu wa kujitolea, wakakaa kimyakimya mbele ya televisheni kwa wiki nzima mwezi Machi 1964, wakiandika kila kilichotangazwa. Majina yao yalifichwa, kwa sababu ya hatari ya wakati ule. Medgar Evers, kiongozi wa haki za Weusi, alikuwa ameuawa mjini humo Juni 1963, wiki chache tu baada ya hatimaye kupewa nafasi ya kuzungumza katika televisheni.

Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilijibu kwamba watazamaji hawana nafasi ya kisheria katika shauri la leseni. Wenye nafasi, kwa mtazamo wake, walikuwa mwenye kituo na mshindani wake wa kibiashara. Mwaka 1966 mahakama ya rufani ilikataa hoja hiyo na kusema watazamaji wana haki ya kusikilizwa. FCC ikasikiliza, kisha ikahuisha leseni vilevile. Mwaka 1969 mahakama ikaifuta. Uendeshaji ulikabidhiwa kwa muda kampuni isiyo ya faida, na mwaka 1972 William Dilday, mtu Mweusi, akawa meneja mkuu wa kituo kilekile. Inafaa kukumbuka kwamba mamlaka iliyokuwa na wajibu wa kulinda umma ilikuwa upande wa kituo mpaka dakika ya mwisho.

Kuna wanaosema dawa ni kuondoa leseni kabisa. Hoja yao ina ukoo mwema. Mwandishi Mwingereza John Milton aliandika mwaka 1644 dhidi ya kulazimisha vitabu vipate kibali kabla ya kuchapwa, na mwaka 1695 Bunge la Uingereza likaiacha sheria ya vibali vya uchapaji ife kwa kutoihuisha tu. Lakini Afrika Mashariki ina kumbukumbu ambayo Milton hakuwa nayo. Redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikawahimiza watu kuua majirani zao. Hukumu ya wakubwa wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti, ilisomwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003, saa chache tu kwa basi kutoka Mazinde. Anayesema hewa iachwe bila mlinzi anapaswa kuipitia hukumu hiyo kwanza.

Hata hivyo RTLM haikuwa kituo cha vichochoroni. Ilikuwa na mkataba na serikali ya Rwanda, uliotiwa saini Septemba 1993. Idhini ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai hesabu nje ya kundi la wakubwa waliokuwa na mpango mmoja. Kisa kinachotumiwa mara nyingi kutetea mkono mzito wa serikali juu ya vituo kinafundisha kinyume chake kwa sehemu kubwa.

Uganda nayo ilionyesha sura nyingine. Septemba 2009 serikali iliifunga CBS, redio ya Ufalme wa Buganda, wakati wa mvutano kuhusu safari ya mfalme wake, Kabaka, kwenda Kayunga. Ilirudi hewani Oktoba 2010. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mamilioni ya wasikilizaji walinyang'anywa kitu chao katika ugomvi wa wakubwa wawili, bila yeyote kuwauliza. Tanzania ina kisa chake. Mwanzoni mwa Januari 2018 TCRA ilivitoza vituo vitano vya televisheni faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu dhuluma katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2017. Mtu anaweza kubishana juu ya uhariri wa taarifa ile. Lakini kituo kinachojua kwamba mtoza faini ndiye pia mhuisha leseni hujifunza haraka ni nani wa kumwogopa, na mwanamke anayetazama habari ya saa mbili usiku huko Mazinde hayumo katika orodha hiyo.

Zamani mamlaka zilijitetea kwa uhaba: masafa ni machache, lazima mtu ayagawe. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa mitambo ya televisheni ya analojia katika eneo letu la dunia. Tanzania ilitangulia, ikaanza kuzima mitambo hiyo Dar es Salaam Desemba 2012, na Tanga ikafuata mapema 2013. Mtambo mmoja wa dijitali sasa hubeba chaneli nyingi pale palipokuwa na moja. Uhaba umepungua, na leseni imebaki. Kwa hiyo inahitaji sababu nyingine ya kuwapo, na sababu inayosimama ni ile ya amana: anayezungumza na watu wengi kwa wakati mmoja anashika kitu chao na anawajibika kwao.

Sababu hiyo ikikubaliwa, utaratibu lazima uifuate. TCRA hutangaza maombi ya leseni za maudhui na kuwakaribisha wananchi kutoa maoni. Ni mlango mzuri, lakini umefunguliwa Dar es Salaam. Kituo cha mkoa wa Tanga kinapoomba kuhuishiwa leseni, tangazo lake linafaa kubandikwa katika ofisi za watendaji wa kata, Mazinde hadi Mlalo, na kutajwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa na sheria ileile ya 2003, lina sababu zote za kukaa siku moja Mombo na siku moja Lushoto, kusikiliza. Na kwa kuwa kanuni zinataka utangazaji uwe wa Kiswahili au Kiingereza, wapo wazee milimani ambao hoja yao ya kwanza itakuwa kwamba kituo kinachosema ni chao hakijawahi kutamka neno moja la Kishambaa. Hoja hiyo nayo iandikwe, ijibiwe kwa maandishi, na jibu liwekwe ndani ya jalada la leseni kabla haijatiwa saini.