Ndege isiyo na rubani na amri ya tano

Mwezi wa Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha huko Goma ndege zisizo na rubani, za kutazama tu, bila silaha. Lakini ziko nyingine za kuua. Askari aliyekaa ofisini Nevada, katika Marekani, aweza kumwua mtu wa Asia, na jioni akala pamoja na watoto wake.

Wanaozitetea husema: zinaona vizuri, basi zinaua wachache kuliko mabomu yaliyoteketeza miji mizima mwaka 1945. Neno hilo si la kudharau. Lakini kuona si kujua. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, Waamerika walifuata motokari nyeupe saa nane hivi. Walidhani imebeba mabomu, kumbe ni madebe ya maji. Wakapiga. Walikufa watu 10, na 7 kati yao ni watoto. Wakubwa wa jeshi walikiri kosa mwezi wa Septemba. Mwezi wa Desemba wakasema hakuna askari atakayeadhibiwa.

Hapo ndipo pagumu. Aliyerusha asema alitii. Aliyeamuru asema aliamini picha. Hatia inagawanywa mpaka inakosa mwenyewe. Na sasa wataalamu wanaunda mashine za kuchagua zenyewe nani afe (na mashine haiendi kuungama!). Marehemu Papa Fransisko aliwaambia wakubwa wa mataifa tajiri, Italia, Juni 2024, kwamba mashine yoyote isiachiwe kamwe kuamua kumwua mtu.