Upanga Chini ya Vazi

Mafungu ya kusoma nyumbani: Waamuzi 3:15–22, 2 Samweli 20:8–10, Kutoka 22:2–3, Luka 22:35–51



Baada ya somo letu la Gethsemane, ndugu mmoja wa kanisa hili aliniletea swali. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, hufunga duka saa moja jioni na kutembea na mauzo ya siku, na wakora wamemvamia mara mbili. Amefuata sheria yote: alama za vidole, cheti cha tabia njema, mahojiano, mpaka Bodi ya Leseni za Silaha ikamkubalia. Hakuniuliza kama ni dhambi. Aliniuliza hivi: "Pasta, nitafute bastola gani? Nataka kitu ya kubeba kila siku, na isionekane."

Nimeomba ruhusa yake nilijibu hapa, manake najua si yeye peke yake. Wengine wenu mnayo tayari na hamjamwambia mtu. Wengine mngeitaka. Na wako wanaosema mtu aliyeokoka hawezi hata kuigusa. Sote tuketi chini ya Neno.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: silaha iliyofichwa chini ya nguo imo ndani ya Biblia. Ehudi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alijitengenezea upanga mfupi wenye makali kuwili akaufunga kwenye paja la kulia, ndani ya mavazi yake. Aliuchagua kwa urefu, kwa mkono wake na kwa nguo zake. Ndugu yetu angemwelewa kabisa. Na Mungu alimtumia Ehudi kuwakomboa watu wake.

Lakini geuza kurasa mpaka 2 Samweli 20. Yoabu naye ana upanga mshipini, juu ya vazi. Anamwita Amasa ndugu yake, anamshika ndevu kama anayetaka kumbusu, na Amasa hauangalii ule upanga. Mara moja tu, amekwisha. Yoabu hakuwa jambazi. Alikuwa mkuu wa jeshi, mtu mwenye kibali cha kubeba silaha kuliko wote. Upanga ulikuwa halali. Kilichokuwa haramu ni wivu aliokuwa nao juu ya mtu aliyepewa cheo chake.

Kwa hiyo swali la bastola gani lina swali lingine ndani yake: bastola hiyo itakaa karibu na moyo wa namna gani?

Sheria yenyewe inajua hivyo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haitaki cheti kipewe mlevi, wala mtu asiye na akili timamu, wala mtu ambaye kwa sababu nyingine yoyote hafai kuaminiwa na silaha. Serikali inaangalia tabia kabla ya chuma. Sasa kanisa litaangalia nini, kama si zaidi ya hapo? Bodi inaweza kupima mkojo wako na rekodi zako. Haiwezi kujua unavyomjibu mkeo ukichelewa kupewa chakula, wala unavyomfuata matatu aliyekuchomekea pale raundiabauti.

Sasa nijibu lile la bastola, manake si vizuri mtu akuulize mkate umpe mahubiri.

Bastola nyingi za siku hizi ni nusu-otomatiki. Maana yake, ukivuta traiga mara moja inatoka risasi moja, na nguvu ya mlipuko huo huo inatupa ganda nje na kupandisha risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Hakuna kupumzika katikati. Glock 19, kwa mfano, hubeba risasi 15 na ina uzito wa gramu 600 hivi ikiwa tupu. Haina kile kisefti cha pembeni cha kusukuma kwa kidole gumba. Usalama wake wa nje uko kwenye traiga yenyewe. Ceska kama CZ 75 ya chuma ni nzito, inafika kilo moja na zaidi, lakini nyingi zina sefti ya pembeni, na uzito huo unatuliza mkono. Halafu kuna zile ndogo za mfukoni, ambazo ndizo kila mtu huzitaka akisema "isionekane".

Hapo ndipo nataka msimame nami kidogo. Muulize mwalimu yeyote wa shabaha: bastola iliyo rahisi kuficha ndiyo iliyo ngumu kulenga. Ikiwa nyepesi na fupi, inaruka zaidi mkononi, na kosa dogo la kidole linakuwa kosa kubwa kule mbele. Anayechagua ndogo kabisa kwa sababu haimsumbui akiketi kwenye gari, ajue raha hiyo kuna mtu anaweza kuilipia. Ni yule mama wa mahindi nyuma ya mkora. Ni mtoto ndani ya chumba cha mabati, manake bati halizuii risasi. Risasi iliyomkosa mkora haijapotea. Inaendelea na safari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usichague kama anayechagua simu. Chagua inayojaa mkononi mwako, ambayo unaweza kuidhibiti ukiwa umechoka na umeogopa. Ipe ala ngumu inayofunika traiga yote. Usiitie mfukoni pamoja na funguo. Daudi alivalishwa mavazi ya vita ya Sauli, vitu vizuri vya mfalme, akayavua kwa sababu hakuwa ameyazoea. Kombeo lilikuwa silaha hafifu, lakini mkono wake uliijua. Kama huna muda wa kwenda kwenye uwanja wa mazoezi mara kwa mara, huna muda wa kumiliki bastola.

Na mlio na watoto, sikieni vizuri: kutoa magazini si kutoa risasi zote. Moja inaweza kubaki ndani ya chemba, na hiyo moja inatosha kuzika mtoto. Droo ya kitanda si sefu, na juu ya kabati si sefu. Watoto wetu wanajua mpaka mahali tunapoficha biskuti.

Turudi kwenye moyo. Watu husema, "Nitaamua siku hiyo ikifika." Sivyo. Siku ikifika utakuwa na sekunde mbili au tatu, na mtu haamui jambo jipya kwa sekunde tatu. Anafanya alichokwisha kuamua. Uamuzi unafanyika asubuhi, unapofunga mshipi. Kila asubuhi mwenye bastola anajibu, ajue asijue, swali hili: leo niko tayari kumuua nani, na kwa ajili ya nini?

Kutoka 22 inatusaidia hapo. Mwizi akikamatwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limemchomoza mwizi huyo, damu yake inadaiwa. Kwani jua linabadilisha nini? Ni mwizi yule yule na mali ile ile. Tofauti ni kwamba gizani mwenye nyumba hajui kama amekuja kuiba au kuua. Mchana anaona, na anaweza kuita majirani. Torati inalinda uhai wa mwenye nyumba, halafu inalinda hata uhai wa mwizi mara tu hatari ya kifo inapoondoka. Mali inaweza kulipwa, na fungu hilo hilo linasema mwizi atalipa. Uhai haulipwi. Mahakama zetu nazo, chini ya kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, zinatambua kujitetea, lakini zitakuuliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwepo. Mkora anayekimbia na mkoba wako amekupa mgongo. Jua limechomoza.

Kwa hiyo kabla ya kununua bastola ya kulinda pesa taslimu, punguza pesa taslimu. Wateja walipe kwa simu. Peleka mauzo kwa wakala saa tisa mchana badala ya saa moja usiku. Badilisha njia. Tembea na mtu. Bastola ije mwisho, baada ya hayo yote, na ije kwa ajili ya uhai.

Wengine watasema, "Pasta, hujui hali ilivyo." Tunaijua. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la kipentekoste kule Likoni wakati wa ibada na kuua waumini sita. Mtoto mchanga alibaki na risasi kichwani, na mama yake akafa. Kule Westgate, Septemba 2013, raia wenye leseni, akiwemo Abdul Haji, Mwislamu, waliingia na bastola zao wakatoa watu waliokuwa wamelala sakafuni. Siwezi kusimama madhabahuni na kusema walitenda dhambi. Mtu aliyemtoa mtoto wa mwenzake kwenye risasi amefanya kazi ya jirani, kama yule Msamaria.

Lakini kumbukeni Garissa pia, tarehe 1 Julai 2012. Mlangoni pa kanisa la AIC walikuwepo polisi wawili wenye bunduki. Washambuliaji waliwaua kwanza na kuchukua bunduki zao. Silaha iliyoko mlangoni ililinda mpaka ilipochukuliwa. Sisemi hivyo kuwadharau wale askari, waliokufa wakiwa kazini. Nasema tu bastola haina ahadi. Mwenye ahadi ni mmoja.

Je, imani ya kweli ingeitupa? Hapa wengi hugombana bure, na Biblia imetupa watu wawili wa njia moja. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu alikuwa amemwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wamtafutao. Akafunga, akaomba, akafika salama. Nehemia naye, barabara ya kwenda Yerusalemu, alisindikizwa na maofisa wa jeshi na wapanda farasi, na haoni haya yoyote. Hakuna mahali Mungu anamkemea mmoja kwa kutofanana na mwenzake. Kwa hiyo wewe usiyebeba, usimwite mwenzako mtu asiye na imani. Tena ukumbuke unalala vizuri kwa sababu kuna polisi anayepiga doria na bunduki. Na wewe unayebeba, usimwite mwenzako mjinga.

Mimi sibebi. Sababu yangu ni ya kazi. Mlango wangu unagongwa usiku wa manane na walevi, na wake waliopigwa, na vijana waliofanya jambo baya wakaogopa. Nataka mkono wangu ukienda kwenye komeo uende mtupu. Hiyo ni dhamiri yangu, siifanyi sheria ya kanisa.

Petro alikuwa na upanga bustanini, na Bwana alijua anao. Wanafunzi walimwonyesha panga mbili akasema inatosha. Hakumnyang'anya mlangoni. Lakini Petro aliyeshindwa kukesha saa moja katika maombi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchomoa. Akamkata sikio mtumishi, mtu aliyetumwa tu. Kazi ya mwisho ya mkono wa Yesu kabla ya kufungwa kamba ilikuwa kurekebisha kosa la mwanafunzi wake mwenye silaha. Angalieni mpangilio huo: asiyeomba huchomoa haraka.

Basi wazee wa kanisa wamekubaliana nami juu ya mambo manne. Kwanza, mwenye bastola amwambie mwenzi wake wa ndoa. Iwe siri kwa wakora, isiwe siri kitandani. Pili, awaambie wazee wawili, ambao watakuwa na ruhusa ya kumwuliza wakati wowote: hasira yako ikoje, usingizi wako ukoje, deni lako likoje? Tatu, akipitia msiba, ugomvi wa ndoa au huzuni nzito isiyomwacha, aikabidhi kituoni mpaka atulie, kwa sababu mtu wa kwanza anayeweza kuuawa na bastola ya nyumbani ni mwenyewe. Nne, hakuna bastola katika ibada, isipokuwa ya askari aliye kazini. Watoto wetu wanarukaruka na kukumbatia kila mtu kiunoni. Nataka waendelee.

Na kila asubuhi, ukishafunga mshipi na kabla hujafungua mlango, sema majina. Sema jina la yule anayekudai, jina la jirani mnayepigania mpaka wa shamba, jina la aliyekutukana kwenye kikundi cha WhatsApp. Waombee baraka mmoja mmoja. Ukifika kwa jina ambalo ulimi unakataa kulibariki, siku hiyo fungua mshipi, ifungie kwenye sefu, uende kupatana naye kwanza.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ehudi na Yoabu wote walitumia silaha kwa hila. Tofauti yao iko wapi?
2. Soma Ezra 8:21–23 na Nehemia 2:7–9. Wewe uko karibu na nani, na kwa nini?
3. Ni kitu gani unacholinda ambacho hakistahili uhai wa mtu yeyote, hata wa mwizi?

Ombi la wiki
Bwana, ulinde nyumba zetu na barabara zetu usiku. Uwakumbuke waliofiwa Likoni na Garissa. Walio na silaha kati yetu, uwape mikono mizito kuchomoa na mioyo myepesi kusamehe. Wasio nazo, uwaondolee woga na kiburi. Wakora wa mtaa wetu, ambao mama zao wengine wanaabudu nasi, uwafikie kabla risasi haijawafikia. Katika jina la Yesu, amina.