Mtazama Mawimbi

Mtu aliye nchi kavu na mtu aliye chomboni hawaoni bahari moja. Wa kwanza huona rangi, mwendo na povu. Wa pili huona njia ya kupita au mahali pa kufia. Basi, je, ni haki mtu kustarehe kwa kutazama kitu ambacho mwenzake anakihofu? Swali hili ni la kale, lakini sinema imelipa sura mpya, maana imemwezesha hata mtu asiyepata kuiona bahari kuitazama dhoruba akiwa ameketi kitini.

Mwaka 1941 Slavko Vorkapich, mzaliwa wa Serbia aliyefanya kazi Hollywood, pamoja na John Hoffman, walitengeneza picha fupi ya majaribio iitwayo Moods of the Sea. Picha hiyo haina hadithi wala mazungumzo. Wahusika wake ni maji, miamba na ndege, na msemaji wake ni muziki wa Felix Mendelssohn, ambao mtungaji aliuanza katika safari yake ya Uskochi mwaka 1829. Vipande vya picha vimekatwa na kuungwa hata wimbi likapanda fidla zinapopanda, likatulia zinapotulia. Kabla yao, mwaka 1929, Germaine Dulac wa Ufaransa alikuwa amekwisha kujaribu kuoanisha picha za maji, nuru na mimea na muziki wa Claude Debussy.

Yuko atakayesema kwamba kazi ya namna hii haina faida, kwani sinema yapaswa kuwa mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, baina ya mwaka 1935 na 1937, ambako jaribio la sinema ya elimu lilitoa picha za kufundisha kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Hoja hiyo yajibika kwa wepesi: jicho nalo lahitaji mafunzo, na kutazama vema ni elimu. Lakini iko hoja nzito zaidi. Bahari haina mizani wala kituo. Mkasi ndio uliompa mtazamaji dhoruba yenye vina, inayoanza na kwisha kwa wakati uliopangwa. Je, huo si uongo juu ya kitu kinachoua?

Na tuipime hoja hiyo kwa maji yetu wenyewe. Mtu wa Kingerikiti, akiteremka hata ufuko wa Ziwa Nyasa usiku usio na mwezi, aweza kuziona taa za wavuvi wa usipa zimetapakaa majini kama mbingu iliyoanguka. David Livingstone, aliyelifikia ziwa hilo mwaka 1859, anatajwa kuwa alilipa majina mawili: Ziwa la Nyota na Ziwa la Dhoruba. Majina yote mawili ni ya kweli. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama katika ziwa hilo hilo, na watu 145 wakafa. Kwa hiyo asemaye kwamba ziwa ni zuri hasemi uongo, wala asemaye kwamba ni la kutisha. Uongo ni kulitaja jina moja ili kulifuta la pili.

Twaweza sasa kupambanua. Wavuvi nao huimba majini, lakini wimbo wao si sawa na muziki wa picha ile. Katika sinema, mkasi umeyalazimisha mawimbi kuufuata wimbo. Katika mtumbwi, wimbo huifanya mikono ifuatane, ili makafi yaingie majini pamoja. Wimbi lenyewe halimtii mtu. Wimbo wa kwanza humpa mtazamaji bahari iliyotiishwa. Wa pili huwakumbusha wapiga kafi kuwa bahari haitiishwi, na kwamba tegemeo lao ni kupatana.

Hata hivyo, haitupasi kuulaumu uzuri. Mendelssohn mwenyewe aliugua vibaya kwa mawimbi alipokuwa katika safari ya kwenda kisiwa cha Staffa; muziki wake haukutungwa na mtu asiyejua bei ya maji. Na mtu aliyemo katika tufani hana nafasi ya kuitazama. Mikono yake imeshughulika, na macho yake yanatafuta nchi. Aliye nchi kavu ana nafasi hiyo, na nafasi ni amana. Akiitumia kuyajua maji jinsi yalivyo, na kumkumbuka aliyemo ndani yake, starehe yake ni haki. Akiitumia kumsahau, ameifanya hofu ya mwenzake kuwa pambo.

Kwa maoni yangu, basi, uzuri wa dhoruba hauna hatia, wala sanaa inayouonyesha. Hatia huzaliwa katika usahaulifu wa mtazamaji. Picha ya Vorkapich na Hoffman yatuonyesha wimbi bila chombo, na kazi ya kukikumbuka chombo imeachwa juu yetu. Aonaye nyota juu ya ziwa asisite kuzifurahia, ila ajue ya kuwa kila moja imeshikwa na mtu aliye macho, na kwamba mtu huyo anangojewa nyumbani.