Ile ya Mara ya 41

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ina sekunde 52. Nimekaa kwenye stuli jikoni, napiga sehemu ya mwanzo ya "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda, na hakuna kosa hata moja. Kisichoonekana ni kwamba ile ilikuwa mara ya 41. Zile 40 za kwanza nilizifuta usiku uleule, kabla hata sijala.

Kwa muda mrefu sikuona ubaya wowote. Wewe unayeandika mashairi utanielewa. Shairi linatoka safi, na karatasi ulizochanachana hakuna anayezidai. Nani atamwita mshairi mwongo kwa sababu ubeti wake ulikataa kukaa sawa mara 40? Nikajiambia mimi nami ni hivyohivyo: msikilizaji anapewa kazi iliyokamilika, jasho ni langu.

Kwa asiyemjua Bosco, huyu ni Mkongo wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye besi kwa mwendo wake, kidole cha shahada kinaongea juu kwa mwendo mwingine, na ukisikiliza bila kuona utaapa kuna watu wawili. Si mchezo. Mimi nilikuwa na gitaa moja na watu wawili wanaogombana.

Basi, dada mmoja akanipigia simu. Baba yake anatimiza miaka 75, amekulia Kigoma, magitaa ya Kongo ndiyo ujana wake. "Kaka, nataka ileile ya kwenye video," akasema. "Ileile." Nikajibu, "Ondoa shaka, dada."

Siku ya shughuli, kwenye sekunde kama ya 15, gumba likajikwaa. Kujikwaa si aibu, kila mpiga gitaa anajikwaa. Aibu ni kilichofuata: mkono wangu wa kulia uliacha kupiga. Ukanyanyuka wenyewe, kana kwamba unakwenda kubonyeza simu nianze upya. Nikaanza upya mbele ya watu. Nikajikwaa palepale. Mara ya tatu nikahamia kwenye kodi tatu za kawaida, nikaimba kitu kingine kabisa. Mzee akanipigia makofi, akasema, "Kijana unajitahidi." Binti yake akanilipa hela yote tuliyopatana, akaongeza na ya bodaboda. Nikapokea.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo sijalimaliza mpaka leo. Video ile ni uongo? Kila noti iliyomo niliipiga mimi, hapana hila. Lakini naona mfano wa mshairi ulinidanganya. Shairi halimuahidi mtu kwamba mshairi ataliandika tena Jumamosi saa mbili usiku mbele ya baba yako. Video yangu ilipokuwa kazi tu, ilikuwa kweli. Ilipogeuka tangazo ikawa ahadi, na ahadi ile nilikuwa na uwezo wa kuitimiza mara moja kati ya 41. Mwenye duka anayepanga embe nzuri juu na zilizooza chini naye hajasema neno la uongo.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kupiga second solo kwenye bendi enzi zile, nilipomsimulia alicheka, kisha akanitupia methali: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamwambia, shikamoo yako naiheshimu mzee, lakini hapo unanionea. Enzi zenu chema kilikuwa na mbebaji. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Bendi za jeshi na polisi zilikuwepo. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara unatoka kwa mwajiri, na wimbo ukirekodiwa Radio Tanzania unasikika nchi nzima bila wewe kumsumbua mtu. Mimi gitaa ni langu, na kazi ya kutembeza ni yangu. Nisipojitembeza nitakufa njaa na chema changu. Methali ile, kusema kweli, ilitungwa na mtu asiyelipa kodi ya nyumba.

Mzee hakubisha kuhusu pesa. Aliniuliza tu, "Lakini sisi tulikuwa tunapiga usiku kucha. Ukikosea, watu wanacheza. Utasimama?"

Hapo ndipo nilipoelewa mkono wangu ulikuwa umefundishwa nini. Kila nilipokosea mbele ya simu nilisimama, nikafuta, nikaanza. Mara 40 usiku mmoja, miezi na miezi. Yaani nilikuwa hodari wa sekunde kumi za mwanzo, na hodari zaidi wa kuacha. Kidole hakijui kosa na sahihi. Kinajua ulichokirudia.

Sasa nafanya mambo mawili, na yote yanachosha. La kwanza, metronomu kwenye mapigo 50 kwa dakika, gumba peke yake, mpaka niweze kuongea na mtu huku linaenda. Ndipo nakiruhusu kidole cha shahada kiingie, noti mojamoja. La pili, nikishaanza wimbo siruhusiwi kuacha. Nikikosea, gumba linaendelea kutembea na kile kingine kitafute njia ya kurudi. Inasikika vibaya. Majirani wananijua.

Nilimpigia yule dada nikitaka kumrudishia nusu ya hela. Akashangaa, akasema baba yake bado anamsimulia kila mgeni kuhusu kijana aliyekuja na gitaa, hivyo nisimharibie. Sikujua niseme nini.

Video bado ipo. Nimewahi kuifungua nikiwa na kidole juu ya neno "futa", nikakumbuka kwamba karibu kila anayenipigia simu anaanzia pale. Siku hizi "Masanga" inanitoka salama mara sita kati ya kumi. Jumamosi ijayo nina harusi, na mteja ameshaniambia anataka ileile. Nimemjibu kwamba nitampigia kesho. Hiyo kesho ilikuwa juzi.