Upepo, Kibali na Hiari

Karibu na pwani ya kusini ya Ziwa Superior, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kuna kundi la visiwa viitwavyo Apostle Islands. Visiwa 21 kati yake vimo katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970. Kiangazi hufika huko watu wenye vidau vya tanga, vyepesi kiasi cha kuburutwa mchangani, wamepakia hema, jiko dogo na chakula cha siku kadhaa, wakihama kisiwa hadi kisiwa na kulala ufukweni. Safari ya namna hii husifiwa kwa neno moja: uhuru. Sifa hiyo inashangaza, maana ni vigumu kumpata msafiri aliyebanwa zaidi. Upepo ukiwa wa omo, atabisha kutwa nzima asogee kidogo tu, ukikata, atapiga kasia, ukichachamaa, haondoki. Na maji yale si ya kufanyia mzaha: ziwa lina kilomita za mraba 82,000 hivi, limelishinda hata Victoria, kina chake hufika mita 406, na hata kiangazi baridi yake huweza kumlegeza viungo mwogeleaji kabla hajaifikia nchi kavu.

Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, angesema upepo si wetu, kilicho chetu ni namna tunavyoupokea. Naona mgawanyo huo umekatwa kwa shoka. Baharia wa kidau hapokei tu. Huchagua ulimi wa mchanga wenye fukwe mbili, ili upepo ukigeuka usiku ahamishie chombo upande wa pili. Hupunguza tanga akiwa bado ufukweni, kwa sababu akiwa majini mkono mmoja umeshika usukani, mwingine kamba ya tanga, na hana wa tatu. Hubeba chakula cha siku mbili zaidi. Hakuna kati ya hayo linaloubadili upepo, ila yote yanashusha gharama ya kughairi. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo hiari ilipo: aliye huru ni yule awezaye kubadili nia bila kuangamia, hata kama vizuizi vimemzunguka pande zote.

Ndiyo maana karatasi huweza kumfunga mtu kuliko dhoruba. Hifadhi hudai kibali cha kambi, na kibali hutaja mahali na usiku. Sina ugomvi nacho, kwani bila utaratibu fukwe zile zingechakaa upesi. Lakini siku iliyokwisha kuandikwa humfanya mtu aone kungoja ni hasara, na hapo ndipo anapoanza kuyatazama mawimbi kwa jicho la kujipendekezea.

Atakayesema dawa ya haya yote ni injini akumbuke meli Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, iliyozama katika ziwa hilohilo tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na watu wake wote 29. Ilikuwa ikielekea kujificha katika ghuba ya Whitefish, na ilikuwa imebakiza kama kilomita 27. Nguvu humfikisha mtu mbali katika hali nyingi, lakini chombo cha ukubwa ule hakiburutwi mchangani.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: kungoja ni anasa ya mwenye likizo. Nalikubali, tena kwa uzito wake wote. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria anaujua upepo wa ziwa lake kuliko mtalii yeyote. Lakini huvua kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na usiku wa namna hiyo una hesabu kila mwezi. Kama ana deni la nyavu na mafuta, kulala nchi kavu usiku mmoja ni pengo asiloweza kuliziba. Akitoka na wingu jeusi limetanda, tusimwite mjinga wala jasiri. Kughairi kumemshinda bei. Bei hiyo, tofauti na upepo, imepangwa na watu. Makubaliano ambayo hasara ya usiku wa dhoruba inabebwa na tajiri mwenye chombo pamoja na wavuvi wake yangemwongezea hiari kuliko mahubiri yote ya tahadhari anayosomewa mwaloni.