Kudesa au Kurithi?

Mwanafunzi akidesa kwenye mtihani, tunajua la kumwambia. Je, akidesa kwenye sanaa? Swali hili linanisumbua tangu muhula uliopita, na ninalileta kwenu, wasanii wenzangu, nikiwa mshtakiwa, si hakimu.

Tulipewa kazi ya kutengeneza filamu ya vikaragosi ya sekunde 90. Kwa picha 12 kila sekunde, hizo ni picha 1,080. Unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, mpaka mgongo unalia. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikaingia kwenye intaneti, nikaangukia Bagpuss, kipindi cha watoto kilichoonyeshwa na BBC ya Uingereza mwaka 1974. Kina sehemu 13 tu. Binti anayeitwa Emily ana duka lisilouza kitu. Anaokota vitu vilivyopotea, anavileta dukani kwa paka wa kitambaa, mnene, mvivu, mwenye mistari ya pinki. Paka akiamka, vinyago wenzake wote wanaamka, na picha ya kahawia kama zile za kale inapata rangi. Wanakitengeneza kile kitu, kinawekwa dirishani ili mwenyewe akipita akione, aje akichukue. Kisha paka anapiga miayo, na wote wanalala.

Nikachukua. Paka nikamfanya simba, na mistari yake ya pinki nikamwachia. Duka nikalifanya kibanda cha fundi redio Kariakoo. Simba akiamka, redio zote zinaamka. Mdogo wangu wa miaka minane alipoiona alishika mdomo. "Kaka, hii umeiwaza wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Hata sikukohoa.

Washkaji wa darasani walinitetea. Eti bibi zetu waliomba ruhusa kwa nani kutusimulia Sungura na Fisi? Kweli, hawakuomba. Lakini hebu msikilize bibi anavyoanza. "Paukwa!" Nasi, "Pakawa!" Halafu hapo zamani za kale. Kabla hajataja mnyama hata mmoja, ameshakiri kwamba hadithi haikuanzia kwake. Mjukuu hadanganywi. Mimi nilichukua hadithi nikaifuta paukwa yake.

Na wapo waliochukua kikubwa kuliko mimi. Mfaransa Serge Danot alikuwa na kipindi chake, Le Manège enchanté, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata BBC ilianza kuonyesha picha zilezile, ila Eric Thompson hakutafsiri maneno ya Kifaransa. Alikaa akatazama picha, akatunga mazungumzo yake mwenyewe. Mbwa Pollux, ambaye kwa Wafaransa anaongea kwa lafudhi ya Kiingereza, akawa Dougal, mbwa mnung'unikaji. Huo ni wizi? Mimi nasema hapana. Picha zilibaki za Danot, na maneno Thompson aliyatoa kichwani mwake. Mimi nilileta nini cha kwangu? Manyoya ya shingoni.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini simba wako ni wa pinki?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaenda kusoma habari za wenyewe, Oliver Postgate na Peter Firmin. Walifanyia kazi kwenye zizi la ng'ombe lililokuwa halitumiki, nyumbani kwa Firmin karibu na Canterbury. Postgate aliandika, akapiga picha, akasimulia kwa sauti yake. Garimoshi lao, Ivor, lilihema kwa mdomo wa Postgate mwenyewe. Wale viumbe wa anga wa mwaka 1969, Clangers, walifumwa kwa uzi na Joan, mke wa Firmin. Emily wa kwenye picha ni binti yake Firmin. Na ile pinki? Kitambaa cha paka kilitakiwa kiwe cha rangi ya machungwa. Watu wa rangi wakakosea, wao wakakipenda hivyohivyo.

Kumbe nilidesa mpaka kosa! Mnajua wadesaji wanavyokamatwa: jirani kakosea namba tano, na wewe umekosea namba tano vilevile.

Sidai kwamba nisingemgusa yule paka. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Wazazi wangu hawakukua nayo, na utoto wa Bagpuss si utoto wangu, lakini uliniingia. Kuguswa si kosa. Kinachoniuma ni kwamba watu wale walitumia walivyokuwa navyo, mke mwenye sindano, mtoto, mdomo, na mimi nikaruka cherehani ya mama yangu na mabaki ya kanga chini yake, nikaenda kuchukua kitambaa chao. Ingawa hata huko kutazama vya nyumbani nimejifunza kwao. Hapo sijui deni linaishia wapi.

Jumamosi nilimwita mdogo wangu nikamweleza yote. Aliiangalia filamu upya, safari hii hakushika mdomo. Alinyamaza, nikadhani atalia.

"Sasa huyo paka yuko wapi? Nataka kumwona."

Tukamtazama, sehemu tatu mfululizo.